Ndiyo Tisini na Tatu

3 Agosti

Mwanangu mpenzi,

Habari za huko shuleni? Kikohozi kimepona, au bado unawaamsha wenzako bwenini? Sisi hapa wazima. Mdogo wako anakula kama ana mkataba na sufuria. Mimi ni mgongo tu, kwa kukaa kwenye usukani.

Kazini mambo yameharibika. Konda wangu, Kipaza, amelazwa kwa ugonjwa huu wa mlipuko, pamoja na abiria wetu wanne. Mamlaka ya usafiri imeuliza kama basi letu lilikuwa linapulizwa dawa. Meneja akatoa daftari la fomu za Julai, akawapelekea nakala zote thelathini na moja.

Unalikumbuka daftari lile? Jumapili ya mwisho wa Juni, kabla hujarudi shule, ulinijazia kwa mwandiko wako mzuri, mimi nikasaini mwezi mzima kwa mkupuo na kulirudisha ofisini. Ndivyo madereva wote tulivyoagizwa. Na pampu yenyewe haijaonja dawa tangu Mei.

Sasa meneja anataka tarehe 27, mbele ya Mamlaka, nisaini maelezo kwamba basi lilipulizwa kila siku, na Kipaza alijiponza kwa kuvua barakoa. Nikikataa, atasema nilighushi fomu, na leseni yangu itachukuliwa. Miaka kumi na tisa ya leseni, mwanangu! Usimwambie mtu habari za fomu. Wewe soma.

Mama yako


8 Agosti

Mama, shikamoo.

Kikohozi kimekwisha. Nashukuru. Mpe pole nyingi wifi yako, mke wa Kipaza. Nikifikiria sauti ya Kipaza ikiwa imenyamaza, siwezi kusoma.

Mama, kila fomu ilikuwa na maswali matatu. Basi limepulizwa dawa? Abiria ni nusu ya viti? Wote wamevaa barakoa? Niliandika "ndiyo" mara tisini na tatu. Nilijiona nakusaidia, hata nilijivunia kwamba sikufuta mahali.

Lakini kuna jambo nimelikumbuka kwenye somo la historia, mwalimu alipotaja tarehe. Kuanzia tarehe 18 hadi 20 Julai safari zote zilipigwa marufuku. Hakuna gurudumu lililozunguka. Sisi tulikuwa tumeshajaza mwezi mzima. Kama meneja amepeleka fomu zote thelathini na moja, ina maana basi lenu limepulizwa dawa na kubeba abiria siku tatu ambazo lilikuwa limefungwa yadi! Hakuzisoma, Mama. Alizihesabu tu.

Usisaini maelezo yake. Nakuomba.

Mwanao


13 Agosti

Mwanangu,

Nimepata barua yako. Sisi wazima. Unakula vizuri? Usiwe unaacha chakula kwa sababu ya vitabu.

Ni kweli ulichogundua. Nilicheka peke yangu jikoni mpaka mdogo wako akaja kuuliza kuna nini. Meneja yule akiambiwa asome tangazo la choo ataita karani!

Kisha nikaacha kucheka. Nikilisema hilo, nitakuwa nimekiri kwamba nilisaini uongo. Meneja ana mwanasheria. Mimi nina ada yako na mgongo mbovu.

Jana mke wa Kipaza alinifuata hadi mlangoni. Mumewe anapumua kwa mashine. Akaniuliza, "Wifi, lile gari lilikuwa linapulizwa kweli?" Nikaangalia viatu vyangu. Nikamwambia mgonjwa atapona.

Nitasaini, yaishe. Na wewe nakujua, ukinyamaza ndipo unapopanga mambo. Nakukataza kama mama yako: usiandike neno kwa mtu yeyote.

Mama yako


17 Agosti

Mama, shikamoo.

Naomba unisamehe, nimekukaidi. Barua ilishatoka leo asubuhi kwenda Mamlaka ya usafiri.

Unajua mimi siwezi kusimama mbele ya watu. Darasani nikiulizwa swali, sauti inaishia kwenye kola. Lakini kuandika naweza. Nimewaambia mwandiko wa fomu zile ni wangu, na nimewawekea ukurasa wa daftari langu la Kiswahili walinganishe. Nimewaambia zilijazwa siku moja, mezani kwetu, kabla Julai haijaanza, na kwamba dereva anayekataa kusaini hunyang'anywa gari. Nimewataka waulize basi lilikwenda wapi tarehe 19.

Siombi wakuonee huruma. Naomba waulize tu.

Mke wa Kipaza alikuuliza swali rahisi, Mama. Mimi ndiye niliyeliandikia jibu la uongo, kwa wino mweusi, tena kwa kupiga mstari chini. Sitaki mwandiko wangu useme hivyo juu ya mtu anayepumua kwa mashine. Kama ni adhabu, waanze na mimi.

Mwanao mkaidi


2 Septemba

Mama, shikamoo.

Kikao kimepita siku sita na sijapata barua. Mkuu wa shule aliniita, akaniuliza kama kweli mimi ndiye niliyeandikia Mamlaka. Nikasema ndiyo. Nilisema kwa sauti, Mama. Akanirudisha darasani.

Niandikie, hata kama ni kunigombeza.

Mwanao


9 Septemba

Mwanangu,

Mimi mzima, mdogo wako mzima. Nilichelewa kwa hasira. Sasa sikiliza.

Mwenyekiti wa kikao alimuuliza meneja, "Tarehe 19 Julai basi hili lilikwenda wapi?"

"Njia yake ya kila siku, mheshimiwa."

"Siku ya marufuku?"

Jamaa akanigeukia. "Dereva ameghushi."

Nilikuwa na yale maelezo aliyotaka nisaini mkobani. Ningeweza kusema mtoto ametunga, ni msomaji wa hadithi. Mwenyekiti akaniuliza, nikasimama. Nikamwambia, "Siku hizo tatu ni uongo. Na zile ishirini na nane zilizobaki ni uongo vilevile. Nilisaini mimi, na ofisi ndiyo iliyoagiza."

Mimi leseni imefungiwa miezi sita. Meneja amepewa barua ya onyo. Ndiyo haki hiyo!

Nilitoka pale moja kwa moja hadi hospitali, nikamjibu wifi swali lake. Hakunisemesha siku mbili. Ya tatu akanituma nikamnunulie Kipaza uji. Ametolewa kwenye mashine, na tayari wauguzi wanamwomba apunguze sauti.

Jana ofisi iligawa madaftari mapya. Madereva kumi na wawili wakayarudisha yakiwa matupu, wakakaa kwenye ngazi za mabasi yao. Meneja akanipigia: "Dada, njoo uzungumze nao, wewe wanakusikiliza." Nikamwambia sina leseni ya kuendesha hata mazungumzo. Saa tano dawa ikaletwa, ndipo wakawasha injini.

Miezi sita nitashona nguo za watu. Tutabana, ila ada yako italipwa.

Nilikukataza, ukanikaidi. Hilo sijakusamehe. Lakini ukiniomba radhi tena, hapo ndipo tutakapogombana kweli.

Mama yako