Buluu Isiyotiwa Rangi

4 Februari

Mjukuu wangu,

U mzima? Unakula? Mimi ni magoti tu, mengine salama. Anayeandika ni jirani yangu, fundi cherehani; nimemwambia asinipambe.

Umeuliza ile buluu ya bawa la kipepeo. Nimetia nguo rangi miaka arobaini, na hiyo ilinishinda. Nilisaga bawa moja, nikapata vumbi la kahawia. Siku nilipomwagia jingine spiriti likawa kijani. Lilipokauka, buluu ikarudi. Ndipo nikajua haimo ndani. Ni ngozi nyembamba zilizopangana, mwanga unacheza katikati, kama povu la sabuni. Basi chukua kitambaa cheusi. Paka gundi nyepesi mno, ikauke, kisha nta, kisha gundi tena, mpaka uchoke. Ukiwa na haraka utapata matope.

Bibi yako

25 Februari

Shikamoo bibi,

Mimi sijambo. Imekubali. Mkuu wa maabara yetu hapa kazini alikitazama kitambaa mpaka chai yake ikapoa. Nitakuandikia kwa kirefu.

Mjukuu wako

19 Julai

Mjukuu wangu,

U mzima? Mimi, kumbe, nimekufa. Fundi amenisomea gazeti: picha yako na kile kitambaa cha buluu, na maneno yako, "Nilimwaga spiriti kwa bahati mbaya. Marehemu bibi yangu angefurahi." Fundi alitaka kuliruka hilo, nikaona midomo inasita. Nikamwambia soma.

Nimekufa lini? Ningeambiwa, nisingehangaika kufua asubuhi.

Bibi yako

2 Agosti

Shikamoo bibi,

Natumaini magoti yamepata nafuu. Wakubwa wa kazini walipouliza nilijifunza wapi, nilisema kwako. Wakataka wakuone. Nikaogopa watacheka, mtia rangi asiyejua kusoma, na kazi wampe mwingine. Nikasema umefariki. Lilinitoka tu, bibi. Baada ya hapo hata ile spiriti ikawa rahisi kusema ni yangu. Nikisema kweli sasa, nafukuzwa kazi. Nivumilie.

Mjukuu wako

11 Agosti

Mjukuu wangu,

Sikuulizi hali, utanidanganya.

Ungeniomba hiyo buluu, ningekupa useme ni yako. Mimi nitaifanyia nini? Lakini hukuniomba. Ulinizika ili nisifike mlangoni kwako, mimi niliyekubeba mgongoni huku mikono imechovywa rangi hadi viwiko. Hata fundi anaandika akiwa ameinama, ananionea haya.

Sikufukuzi. Chumba chako nimekifagia, shuka safi. Njoo ule ushibe. Ila kwanza nenda kwa huyo mkuu wako, umwambie kwa mdomo wako mwenyewe kwamba ninapumua. Ukishindwa, usije. Maiti hapokei wageni.

Bibi yako