Mkeka wa Mwali Ulionunuliwa Magomeni

Mpendwa Mama Mshauri, shikamoo. Naomba msaada wako, na jina langu tafadhali lisitajwe, maana mimi ni mwalimu katika kijiji chetu cha ujamaa huku kata ya Ulaya, wilayani Kilosa, tena ndiye ninayewahimiza wazazi wasiwaachishe watoto masomo, kumbe binti yangu mwenyewe wa darasa la saba, nimwite Raheli, mama yangu amemweka ndani kama mwali, nami baba yake nimemdanganya mwalimu mkuu kwamba anaumwa. Kwetu mwali hatolewi mpaka amalize kusuka mkeka wake mwenyewe, na mtihani unakaribia, nikaona atachelewa, basi nikanunua mkeka sokoni Magomeni, na mama alipokwenda kanisani nikampenyezea Raheli dirishani. Mama aliposhika ukingo tu akasema, "Huu si mkono wa mjukuu wangu." Sasa anaamini Raheli ndiye aliyeagiza, amemwita mwizi, ameufumua hata ule wa kwake uliokuwa karibu kwisha, ati aanze upya. Raheli analia usiku na mchana lakini hanitaji. Nikisema ukweli nitachekwa kijiji kizima, nikinyamaza mtihani utampita. Nifanyeje?

Mwalimu, Ulaya

Marahaba, mwalimu, na pole. Najua ulimhurumia mtoto. Lakini mwanafunzi akikuletea kazi aliyofanyiwa na mwingine, si unamchapa? Wewe umemnunulia binti yako majibu sokoni! Njia ya mwongo ni fupi, ndugu yangu.

Halafu walimu mnalalamika kwamba elimu ya kujitegemea imekuwa jembe tu, na fundi wa kusuka ukili unakaa naye nyumba moja. Mafunzo ya mwali yana siri zake, hizo zibaki kwa akina mama. Kusuka si siri. Mweleze mwalimu mkuu ukweli, kisha mwende nyote wawili kwa mama yako, mumwamkie kwa adabu, mumwombe awafundishe watoto shuleni, wasichana kwa wavulana, na mikeka iuzwe kwenye duka la ushirika. Raheli asindikizwe na bibi yake akafanye mtihani, arudi ndani, aumalize mkeka wake kwa mikono yake. Asipunguziwe hata kidogo.

Ila usithubutu kuanza na maombi hayo. Leo hii simama nje ya mlango wa mwali, mama yako akiwapo, useme kwa sauti ifike ndani kwamba mkeka uliuleta wewe. Mtoto amekubali kuitwa mwizi ili baba yake aendelee kuitwa mwalimu. Jina hilo la mwizi kalichukue, ni lako.