Dawa Mbili na Supu ya Yeyo

Jumanne. Upepo wa Kitengela umeamka vibaya, vumbi limeingia hadi kwenye chai. Mimi niko sawa, ukiacha kichefuchefu.

Leo daktari ameongeza dawa ya pili. Kemo inaendelea kama kawaida, ila sasa itaandamana na dawa inayolenga seli za saratani zenyewe. Zangu, anasema, zina protini fulani kupita kiasi, na dawa hii huzikamatia hapo. Walinipiga picha ya moyo kwanza, maana dawa hiyo inaweza kuudhoofisha. Moyo umepita.

Nilicheka kidogo. Niko na duka la dawa za mifugo, na kila siku nagombana na wafugaji wanaochanganya dawa mbili za kupe kwenye pampu moja, wakidhani kupe atakufa mara mbili. Leo nimechanganyiwa mimi.

Kisha daktari akauliza kama kuna kitu kingine ninachotumia. Nikataja supu.

Mama mkwe wangu, tunayemwita Yeyo, huja kutoka Bisil kila baada ya matibabu na supu ya mbuzi iliyochemshwa na magome ya mti wa olkiloriti. Kwao mgonjwa hupewa hiyo ndipo apate nguvu. Daktari amesema niiache. Saratani imeshafika kwenye ini, na hakuna ajuaye magome hayo yatalifanya nini pamoja na dawa.

Kumkatalia mama mkwe chakula chake. Heri sindano.

Niliporudi nyumbani nilimkuta jikoni akiipasha moto. Nikamwambia nikiwa bado nimesimama mlangoni, kabla woga haujanizidi.

“Si daktari anachanganya mbili?” akasema. “Sasa hii yangu ya tatu itaharibu nini, Mama Naserian?”

“Hizo mbili zilijaribiwa zikiwa pamoja, Yeyo. Yako haijajaribiwa nazo.”

Ni maneno yale yale ninayowaambia wateja, na wateja hukasirika. Yeye alizima gesi, akajimiminia kikombe, akanywa polepole.

“Na hizo mbili, zitamaliza huo ugonjwa?”

Miezi yote hii nimekuwa nikimjibu kwamba Mungu anajua. Mume wangu pia humjibu hivyo.

“Hapana, Yeyo. Ni za kuuzuia tu, nipate muda.”

Sikulia. Nilidhani nitalia.

Aliosha kikombe, akachukua simu, akampigia shemeji yangu huko Bisil. Kimaasai changu ni cha dukani, lakini nilielewa: amwangalilie ng'ombe wake, asimngoje. Nadhani shemeji aliuliza hadi lini, maana Yeyo alimwambia aache maswali mengi.

“Haya, niambie,” akanigeukia. “Nikupikie nini?”

Nilipaswa kumwambia arudi kwake, ng'ombe wanamhitaji. Nikamwambia uji. Nataka abaki.