Mkwe wangu na firimbi yake

Kijijini, Embu. Jumanne, 1955

Firimbi tena! Tangu nitoke Moshi kumtunza binti yangu aliyejifungua, kila siku nachimba kwa zamu yake handaki la serikali la kuzunguka kijiji, eti kuwazuia wapiganaji wa msituni. Na mpiga firimbi ni mumewe, askari wa kijiji. Kwetu mjini mkwe hula nami meza moja. Huyu akiniona hukimbia, ati ndiyo heshima ya huku. Upuzi.

Leo kazi haikuisha, akafunga lango la kijiji, akatangaza hakuna kwenda shambani. Nyumbani hakuna hata kiazi, na maziwa ya binti yangu yanakauka. Nikatupa jembe, nikamwendea. Akarudi nyuma. Nikazidi. Akajibanza nyuma ya mti, bunduki begani.

"Mama, usinisogelee! Ni mwiko!"

"Basi fungua lango."

Wanawake walicheka mpaka wakakaa chini. "Nyanya, msogelee tena!"

Akatufungulia saa nzima. Nimerudi na kikapu cha viazi, na bakuli la kwanza nimempelekea yeye kwa mkono wa mkewe.

Naogopa mkubwa wake akisikia. Atakayechapwa ni yeye, si mimi.

Lakini kesho akifunga lango, nitamsogelea.