Ndiyo ya Shangazi Velika

Smilyan, 6 Februari 2019

Mwanangu Ognyan,

Hujambo baba? Mama yako na Bologna yake hawajambo? Mimi ni mzima, ila goti, na theluji imegoma kuondoka.

Mama yako anasema wewe na wenzako mna ugonjwa wa kufufua filamu za kale za angani, mnazirudisha zilivyokuwa kabla wajuaji hawajazitia mkono. Ugonjwa huo naupenda. Hebu niufaidi na mimi.

Nilikuwa na miaka kumi na tisa walipokuja kupiga filamu huku milimani kwetu. Walinipaka rangi ya kijani, wakanivika chujio kichwani, nikawa mgeni kutoka angani. Kapteni ananiuliza, "Umekuja kwa amani?" Nami najibu ndiyo. Ndiyo, mwanangu! Kisha filamu ikauzwa nje, wanunuzi wakaikatakata, wakabandika mlipuko walioutoa kwingine, ikawa nimekataa amani na nimelipuliwa. Hiyo ndiyo inayorudiwa kwenye televisheni kila mwaka, na mimi hapa kijijini naitwa Velika Bomu. Juzi muuza jibini kaniuliza kama leo nimekuja kwa amani au afunge duka.

Mwezi wa tisa nyumba ya utamaduni itaionyesha kwa kijiji kizima. Nataka wanione nikisema ndiyo kabla sijafa, basi.

Mkanda wa asili nimeupata. Kopo lake lilikuwa limewekwa chini ya pipa la kabichi ya chumvi la jirani yangu Tonka, lisiyumbe. Sasa pipa linayumba na Tonka kaninunia. Nimempa dereva wa basi la Bologna akuletee.

Shangazi yako,
Velika

*

Bologna, 3 Machi 2019

Shikamoo Shangazi,

Hali yako? Goti je? Sisi wazima. Kopo limefika, na harufu yake ilitangulia. Mpangaji wa juu ameuliza nani kafa.

Usiwe na wasiwasi, umefika kwa wenyewe. Sisi sheria yetu ni moja: tunafuta vumbi na mikwaruzo, hatuongezi kitu, hatupunguzi kitu. Hata yule mbuzi anayepita nyuma ya chombo cha angani anabaki. Wenzangu hawa Waitalia wameshampenda. Mmoja ameapa kwamba atakayemfuta mbuzi watakutana barabarani.

Sehemu ya mwisho imegandana kwa maji ya kabichi, itabidi niibandue polepole sana. Lakini swali la kapteni na jibu lako vimepona. Nikifika hapo nitakuandikia.

Mwanao,
Ognyan

*

Bologna, 20 Mei 2019

Shikamoo Shangazi,

Natumaini u mzima, na natumaini umekaa. Kama umesimama, kaa kwanza.

Nimelifikia jibu lako. Nimelitazama, nimelirudia, nimewaita wenzangu wote walitazame. Shangazi, nisamehe kwa ninayokuandikia. Ulikataa. Kapteni anauliza, na wewe unapeleka kichwa kulia, kushoto, kulia tena, kwa nguvu mpaka chujio linataka kudondoka. Ni zamani mno, mtu husahau. Si kosa lako.

Sikuweza kukuacha hivyo. Kwa mara ya kwanza nimeivunja sheria yetu, kwa siri, na wenzangu wakijua watanifukuza. Nimekigeuza kichwa chako kwa kompyuta. Sasa kinakwenda juu na chini, vizuri kabisa, mara tatu, hakuna wa kubisha. Kipande hicho kimo kwenye flashi hii. Waite watu, waonyeshe. Anayekuita Bomu afunge mdomo.

Nakupenda, Shangazi.

Mwanao,
Ognyan

*

Smilyan, 2 Juni 2019

Ognyan,

Salamu baadaye.

Nilimwita Tonka. Nilimwita muuza jibini. Nilimwita na padri! Nikapika maharage, nikamimina rakia, ile pombe yetu kali, taa zikazimwa. Kapteni akauliza kama nimekuja kwa amani. Na mimi, mbele ya mtumishi wa Mungu, nikapeleka kichwa juu, chini, juu, chini, juu, chini.

Muuza jibini alicheka mpaka akateleza kitini. Padri alijifanya anakohoa. Tonka akasema, "Haya, sasa hata damu yake imethibitisha."

Wewe mtoto! Italia wamekufanya nini? Huku kwetu kichwa juu na chini ni hapana! Kulia na kushoto ni ndiyo! Hilo hafundishwi mtu, mtu analinyonya. Ulipokuwa na miaka minne nikikuuliza kama unataka maziwa ya mgando, kichwa chako kilikuwa kinazunguka kama feni mpaka nakushika usianguke. Kumbe mama yako alipokupakia kwenye treni kwenda Italia, kichwa alikiacha huku!

Wale wanunuzi wa nje walikosea hivyohivyo. Waliona kichwa kulia na kushoto, wakadhani nimekataa, wakanilipua. Wao niliwasamehe, si watu wa kwetu. Lakini wewe nilikufuta kamasi. Imeniuma, Ognyan, sikufichi.

Nirudishie ndiyo yangu.

Shangazi yako, kwa sasa,
Velika

*

Bologna, 9 Agosti 2019

Shikamoo Shangazi, hata kama hutaitika,

Sina uso wa kukuuliza hali, lakini nauliza. Goti je?

Niliungama yote kwa wenzangu. Walinifukuza siku ileile. Nilipowaeleza kwa nini, walicheka mpaka wakanirudisha, na sasa kila nikiulizwa kama nataka kahawa wanangoja waone kichwa changu kitakwenda wapi.

Kichwa chako nimekirudisha kilivyokuwa. Na sehemu iliyogandana imebanduka, Shangazi! Baada ya jibu lako kapteni anaweka bunduki chini, anakukatia mkate, anauchovya kwenye chumvi, kama mgeni anavyokaribishwa kwetu. Unauma kwa midomo yako ya kijani. Mara yule mbuzi anatokea nyuma yako, anakupokonya uliobaki, na wewe unacheka. Si kuigiza, unacheka kweli, chujio limekukaa upande. Nililia hapo. Hakuna popote ulipolipuliwa.

Mwezi wa tisa naileta mwenyewe. Hoteli ipo Smolyan, ule mji ulio karibu na kwenu Smilyan, najua, lakini ningependa kulala kwako, kwenye chumba changu cha zamani. Baada ya yote haya, utanipokea?

Mwanao, ukipenda,
Ognyan

*

Smilyan, 21 Agosti 2019

Mwanangu Ognyan,

Marahaba. Goti limetulia, jua linalisaidia. Tonka ameacha kununa, maana nimemtafutia jiwe la kuweka chini ya pipa.

Miwani yangu imevunjika, kwa hiyo barua yako kanisomea yeye. Alipofika kwa mbuzi tulisimama, tukacheka, akaanza upya. Alipofika kwenye lile swali lako la mwisho akaishusha karatasi, akanitazama, akangoja.

Nikapeleka kichwa kulia, kushoto, kulia tena, mpaka kitambaa kikaanguka.

Na hiyo ukikosea kuisoma, kaa hukohuko.

Shangazi yako,
Velika