Mgeni Asiyetikisa Kikombe

Maskati, 18 Oktoba 1970

Bibi mpenzi,

Assalaam alaykum, na shikamoo. Mimi mzima, ila usingizi unanikimbia. Magoti yako vipi, na Mama Mdogo Muhsina hajambo?

Meneja wetu, Bwana Kerridge, ameahidi kunidhamini nikuombee kibali cha kuja kuishi huku. Lakini sasa yeye na mkewe wanatayarisha mchezo wa kuigiza, uchezwe baada ya Idi, na mimi karani wao wamenichagua niwe Mwarabu anayemtilia mgeni sumu kwenye kahawa. Mgeni ni meneja mwenyewe. Na Bibi, Mwarabu huyo anaitwa Suud bin Amur.

Nimeviazima vitabu vilivyozaa mchezo huo nikavisoma. Mtungaji ni Mwingereza wa zama za Malkia Viktoria, Bwana Pellingham. Alifika Unguja akiwa kijana. Katika kitabu cha safari yake aliandika tu kwamba mwenyeji wake, Suud, alimnywesha kahawa bila kikomo, moyo ukamwenda mbio, akatoroka kabla ya alfajiri. Alipotunga riwaya, kahawa ikawa sumu. Riwaya ikafanywa mchezo London, ndio huu, watu wakajaa, na kila aliyefuata kuandika habari za majasiri wa kizungu huko kwetu akaweka Mwarabu na dele lake la kahawa. Mimi mwenyewe nilizisoma shuleni nikimshangilia mzungu.

Huyu si babu yako, Suud wa Kizimbani? Wazee wa Kiomani wamealikwa. Nikikataa, meneja ataudhika nawe utabaki huko. Nikikubali, nitakuwa nimemtia babu sumu mkononi mbele ya watu. Nifanye nini?

Mjukuu wako,
Thabit

Mombasa, 6 Novemba 1970

Thabit, mjukuu wangu,

Waalaykum salaam, marahaba. Ramadhani njema. Magoti ni yale yale. Muhsina ndiye anayeandika. Mie nasema, yeye anacheka.

Ndiye babu yangu huyo, na mgeni wake sisi tukimwita Mzungu Macho, maana hakulala. Babu akimimina, mzungu anakunywa, kisha anakaa na kikombe mkononi kama sanamu. Hatikisi. Mgeni asipotikisa kikombe, mwenye nyumba atajuaje kama katosheka? Babu akamimina. Akaamsha watu watwange kahawa nyingine. Mkono ulimuuma, lakini aliona haya kumkatia mgeni. Mpaka anakufa alikuwa akiuliza, "Nilimkosea nini yule hata asiniage?"

Leo nasikia kamuua. Kwa kahawa yenye iliki ile.

Usikatae mchezo. Tia kahawa ya kweli kwenye dele, ulijaze. Meneja wako akitikisa, koma. Asipotikisa, mimina. Na woga uache. Hatukukurithisha sisi, umeutoa kwa kina baba yako.

Bibi yako,
Mahbuba

Maskati, 8 Desemba 1970

Bibi mpenzi,

Shikamoo, na Idi mubarak, ingawa nimechelewa. Natumai barua hii itakukuta mzima. Mimi nimelala usingizi, kwa mara ya kwanza tangu Oktoba.

Bwana Kerridge, ambaye ndiye jasiri wa mchezo, alitakiwa anywe kikombe kimoja, aanguke. Akanywa, akakaa na kikombe mkononi akitamka maneno yake marefu ya kufa. Nikamimina. Alinikazia macho, akanywa ili mchezo usiharibike. Nikamimina. Safu ya mbele wakaanza kucheka. Mzee Mahfoudh wa ofisi ya vibali akashindwa kujizuia. "Tikisa kikombe, ee bwana. Huyo kijana kalelewa, hataacha."

"Mwache anywe," mwengine akadakia, "kahawa ya bure hiyo."

Bwana Kerridge akaninong'oneza, "Wanasema nini?"

Mimi nikasahau kunong'ona. Nikamjibu kwa Kiingereza, ukumbi mzima ukisikia: "Wanasema, ukitosheka, tikisa kikombe. Suud bin Amur hakumtilia mtu sumu. Alikuwa akingoja mgeni wake aseme basi. Na ni babu wa bibi yangu."

Nikajiona nimeshafukuzwa. Bwana Kerridge akakitazama kikombe, kisha akakitikisa.

"Basi kufa siwezi tena," akasema.

Ukumbi ukapasuka kwa makofi. Mkewe akatoka nyuma ya pazia kuuliza mchezo utamalizika vipi. Mzee Mahfoudh akasimama. "Umekwisha salama, mama. Kosa moja tu nimeliona: kahawa imekuja bila halua."

Juzi tukaucheza tena, kwa mwisho huo mpya, na watu wakakosa pa kukaa. Bwana Kerridge ametia saini yake kwenye karatasi za udhamini. Nilipompelekea Mzee Mahfoudh karatasi hizo hakuuliza mengi: "Wa Suud wa vikombe? Mlete bibi." Kibali kimo humu ndani ya bahasha.

Mjukuu wako,
Thabit

Mombasa, 27 Desemba 1970

Thabit, mjukuu wangu,

Hatujambo sote, na magoti leo hayaumi. Barua hii usiijibu, jawabu lako litanikosa. Nnakuja.

Jana nimemsomea Babu dua, nikamwambia mgeni wake amekwisha kuaga.

Huyo meneja mwalike nyumbani. Iliki naja nayo mie. Akisahau kutikisa, shauri yake.

Bibi yako,
Mahbuba