Shangazi Attracta Hayumo Kwenye Filamu

Mshauri wangu mpendwa, nakuomba uniokoe kabla ya Jumapili.

Mimi ni mtafiti wa filamu za maisha ya watu hapa Dublin, na mwaka huu tumetengeneza moja kuhusu marehemu baba yangu mkubwa, Fintan Considine, mpiga kodiani mashuhuri wa kaunti ya Clare, na kazi yangu ilikuwa kuwaomba watu wakubali kurekodiwa, basi nikaenda huko kwa dada yake, shangazi Attracta, aliyepiga fidla ubavuni pake miaka arobaini, nikamuuliza pale pale mlangoni, kamera ikiwa garini, naye akasema, "Aa, mimi nina lipi la kusema, mwanangu? Tafuteni wenye maneno," nami kwa haraka zangu nikaandika "amekataa", nikaondoka.

Kumbe alikuwa anangoja nimwombe tena. Mimi niliyelelewa kukataa chai mara mbili kabla ya kuipokea, nilisahau. Juzi nilimpigia simu, akaniambia amenunua koti jipya la kuvaa Jumapili, filamu itakapoonyeshwa ukumbi wa parokia, na kwamba majirani wanamtania kila akienda dukani, "Nyota wetu, usije ukatusahau," halafu akasema, "Nadhani mmetumia zile picha za zamani. Afadhali, nilikuwa mwembamba."

Mshauri, kinachoonekana ni kiwiko chake tu, sekunde mbili. Rónán, mwongozaji wetu, anasema filamu imeshafungwa, haiguswi. Nafikiria kumwambia shangazi kuwa onyesho limeahirishwa. Nifanyeje?

Dervla

Jibu la Mama Concepta:

Dervla, nilikuhurumia kwa mistari miwili, kisha nikakasirika. Unamwulizaje mtu mzima jambo kama hilo mguu mmoja ndani, mmoja nje? Rónán wako angesamehewa. Wewe unajua fika kwamba kwetu hapana ya kwanza ni adabu tu. Na huo uongo wa kuahirisha utupilie mbali. Parokia nzima inajua saa ya onyesho, naye atafika, ajue hapo hapo kwamba mtoto wa kaka yake amemdanganya.

Kesho asubuhi panda basi uende Clare. Ingia ndani, kaa kitini, mwambie yote, na kiwiko usikifiche. Atasema, "Si kitu." Usimwamini. Akianza kukusema, nyamaza umsikilize mpaka amalize. Kisha mwombe apige fidla ukumbini kabla filamu haijaanza. Atakataa. Mwombe tena. Atasema vidole vimekakamaa, atakutajia wajuzi wanaomzidi. Mwombe mara ya tatu, polepole, ukimtazama usoni.

Akikataa hata hapo, hiyo ndiyo hapana yenyewe, na ni haki yake. Basi Jumapili, kabla taa hazijazimwa, simama wewe, uwaambie watu kwamba muziki ule ulipigwa na wawili, na kwamba wa pili hayumo kwa sababu wewe hukuwa na dakika tano za kukaa naye.